Choo cha nasari, serikali mbili: kisa cha shule moja Nairobi

Kabla sijaanza: jina la shule, mtaa, wodi na watu nimeyatoa yote, na vitu viwili vitatu nimevibadilisha kidogo ili mtu asikae akikisia ni nani. Mambo ya kitaifa nimeyaacha na tarehe zake. Mimi mwenyewe ni katibu wa chama cha wakaazi, niliitwa siku moja kuandika miniti za mkutano nikidhani ni saa mbili tu, nikakaa mwaka mzima.

Shule na watu wake

Ni shule ya umma, Eastlands, chini karibu na mto. Ilijengwa na baraza la jiji miaka hiyo, na juu ya mlango wa ofisi bado kuna nembo ya baraza, imepakwa rangi mara nyingi hadi maandishi hayasomeki. Ukiingia getini unaona shule moja lakini ukweli ni shule tatu. Kuna nasari, yaani PP1 na PP2, watoto wa miaka 4 na 5. Kuna praimari. Halafu tangu 2023 kuna JSS, hao vijana wa gredi ya 7 hadi 9 ambao serikali iliamua wakae ndani ya praimari, na walipokuja ilibidi mtu asogee, na unajua katika kusogea ni nani husogezwa. Nasari ikapelekwa nyuma kabisa, madarasa mawili ya mabati upande wa mto, na choo chao cha milango minne.

Walimu wa praimari na JSS wameajiriwa na TSC, tume ya serikali kuu ya walimu. Walimu wa nasari wanalipwa na kaunti. Askari wa geti ni mzee aliyerithiwa kutoka baraza la jiji kwa hivyo mshahara wake unatoka kaunti, ingawa kutwa anafungulia watoto wa serikali kuu. Mwalimu mkuu, nitamwita Madam tu kwa sababu hapo shuleni hakuna anayemwita kingine, ni wa TSC lakini uwanja wote uko chini yake, hata ile kona ambayo si kazi yake kisheria.

Sheria inasema nini

Kenya si shirikisho. Hii lazima niiseme mapema kwa sababu watu wakisikia kaunti 47 wanafikiria ni kama majimbo ya Nigeria au ya Marekani. Tulijaribu majimbo 1963, chama cha KADU wakiyataka na chama cha KANU wakiyakataa, na kufikia mwisho wa 1964 mchezo ulikuwa umeisha. Hadi leo ukitaja neno majimbo mbele ya wazee fulani wanakunja uso. Tulicho nacho tangu katiba ya 2010 ni ugatuzi: nchi moja, ngazi mbili za serikali, ambazo kifungu cha 6 kinasema ni tofauti lakini zinategemeana na zifanye kazi kwa kushauriana.

Lakini kanuni iliyo nyuma yake ni ileile wanayoizungumzia kwenye mashirikisho na Ulaya, subsidiariti. Kwa lugha ya hapa kwetu: kazi ifanywe na ngazi ya chini kabisa inayoiweza, wa juu aingie tu pale wa chini amelemewa. Mtu hapigi simu ikulu kwa sababu ya balbu.

Jedwali la nne la katiba ndilo limegawa. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu ni za serikali kuu. Elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na malezi ya watoto ni ya kaunti. Kwenye karatasi imekaa vizuri kabisa. Shida ni kwamba katiba iligawa kazi, haikugawa kiwanja.

Ilivyotokea

Mwisho wa Aprili 2024 ni ile mvua wote tunaikumbuka. Kufungua shule kuliahirishwa, kukaahirishwa tena, hadi tarehe 13 Mei. Watoto waliporudi, ukuta wa upande wa mto ulikuwa umelala na choo cha nasari kilikuwa kimezama upande mmoja, sakafu imepasuka katikati kama mkate uliokauka, milango miwili haifunguki na miwili haifungiki. Madam akakifunga kwa mbao na misumari siku hiyohiyo. Hapo simlaumu hata kidogo.

Watoto wa nasari wakaambiwa watumie choo cha praimari. Sasa choo cha praimari tundu lake limepimwa kwa mtoto wa miaka 10. Mwalimu wa nasari, dada mmoja mpole lakini si wa kuchezewa, alitafuta ubao akaukata matundu mawili madogo, akawa anaubeba kwapani kila saa ya mapumziko, anauweka juu ya tundu kubwa, anashika mtoto mkono, akimaliza anauosha anarudi nao darasani. Watoto karibu 120, walimu wawili, ubao mmoja. Kuna mama aliniambia mtoto wake alikuwa anajizuia tangu asubuhi, saa sita na nusu anamkuta getini amesimama miguu imepishana, hataki kusalimia mtu, anataka nyumbani. Wiki ya tatu mtoto akaanza kukataa uji asubuhi. Ameshapiga hesabu zake mwenyewe, asipokunywa hatakwenda.

Madam akaandika barua. Ofisi ya elimu ya serikali kuu ikajibu haraka, tena kwa adabu: vyoo vya praimari vikiharibika wataleta ombi la dharura, lakini nasari ni ya kaunti, tafadhali elekeza huko. Akaelekeza huko. Afisa wa chekechea wa upande wa kaunti akaja akaangalia, akapiga picha na simu, akakubali kabisa kwamba hii ni kazi yao, halafu akasema mambo mawili. Kwanza, bajeti. Mwaka wa fedha unaisha Juni, na makadirio ya mwaka unaofuata yanapaswa kuwa yamefika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, yaani mvua ilibomoa choo wakati uleule dirisha linafungwa. Pili, ardhi. Hawawezi kumwaga simiti ya kaunti kwenye uwanja wa shule ya serikali kuu bila karatasi inayoonyesha wana haki ya kujenga hapo. Alete karatasi.

Madam hana karatasi. Shule nyingi za zamani hapa mjini hazina hatimiliki mkononi.

Halafu ikaja Juni 2024. Muswada wa fedha ukaondolewa tarehe 26 baada ya maandamano, serikali ikaanza kupunguza matumizi, na mgao wa kaunti ambao ulikuwa umewekwa shilingi bilioni 400.1 ukavutwa huku na huku kati ya Bunge la Taifa na Seneti, ukaishia bilioni 387.4. Naandika hii kwa sababu ukiwa shuleni unaona tu "kaunti hawana pesa" na unadhani ni uvivu wa mtu fulani. Uvivu huenda upo. Lakini pia hakuna aliyejua kwa uhakika angepata ngapi na lini.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa ujanja, na mimi niliunga mkono kwa hivyo siwezi kujitoa. Tulikubaliana tuombe CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge. Mbunge pesa zake zinaonekana, madarasa yamepakwa rangi na jina la mfuko limeandikwa mbele kwa herufi kubwa. Tungeomba choo cha wanafunzi, milango minane, cha praimari, halafu milango miwili ya mwisho fundi aipunguze kimyakimya iwe ya watoto wadogo. Tulichora hadi mchoro.

Meneja wa mfuko akauangalia ule mchoro akacheka. Akatuambia, wazee, sheria ya 2015 inanifunga kwa miradi ya kazi za serikali kuu peke yake, na Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilishatupa ile sheria ya zamani ya 2013 kwa sababu hizihizi za kuingilia kazi za kaunti, "sasa mkaguzi akija akaona tundu la mtoto wa miaka minne, ataniuliza mimi, hatawauliza nyinyi." Akatukatalia. Tulitoka hapo tukimsema vibaya njia nzima. Leo naona alikuwa sahihi, na ningependa maafisa wengi zaidi wawe kama yeye, japo siku ile nilitamani awe mwizi kidogo.

Uamuzi wa pili ni wa wazazi. Mia mbili kila nyumba, kwa hiari, kupitia kwa mama mweka hazina wa wazazi na si kwa risiti ya shule, kwa sababu Madam hakutaka kusikia neno mchango likitajwa pamoja na shule ya umma. Wengine walitoa mabati, mmoja akatoa siku mbili za ufundi. Wakasimamisha choo cha mabati cha milango miwili juu ya laini ya sewa iliyokuwepo. Mzazi mmoja alikataa kutoa akasema kwa sauti, kaunti hii hii inapikia watoto wa praimari chakula cha shilingi tano, wanaleta magari na sufuria hadi ndani ya praimari, kumlisha mtoto wanaweza, kumpa pa kuendea baadaye hawawezi? Watu walicheka, lakini hilo swali ndilo lilibadilisha mambo. Maana kama kaunti inaweza kupeleka chakula ndani ya shule ya serikali kuu kwa makubaliano, basi makubaliano yanawezekana, na sisi tulikuwa hatujaomba makubaliano, tulikuwa tunaomba pesa.

Uamuzi wa tatu ukatoka hapo, na aliyeusukuma ni msimamizi wa wodi. Hawa watu wengi hawawajui. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 iliwaweka, msimamizi wa kaunti ndogo, wa wodi, hadi wa kijiji, na sababu yake ni kifungu cha 176 cha katiba ambacho kinaiambia kaunti yenyewe ishushe huduma zake chini kadiri inavyowezekana. Huyu mama ofisi yake ni chumba kimoja kwenye kontena. Akasema, mimi sina pesa ya choo, lakini naweza kuita watu, na nikiwaita watakuja kwa sababu hakuna mwingine kwenye wodi hii mwenye kazi ya kuita watu.

Septemba wakaja. Chini ya mti wa jakaranda, viti vya plastiki vya darasa la JSS. Madam na mwenyekiti wa BOM, yaani bodi ya shule, afisa wa chekechea, afisa wa elimu wa serikali kuu, MCA, mjumbe wa wodi kwenye bunge la kaunti, alituma mtu halafu akaja mwenyewe nusu saa baadaye alipoambiwa watu ni wengi, chifu, wazazi watatu, mimi na daftari. Suala la ardhi likachukua saa nzima. Kila mtu anamwambia mwenzake lete karatasi. Hadi yule askari wa geti, mzee wetu, ambaye hakuwa hata amealikwa, akasema polepole: lakini hapa si palikuwa pa baraza? Kaunti si ndiyo iliyorithi baraza?

Kimya. Watu wakaangalia ile nembo juu ya mlango.

Wiki mbili baadaye ramani ya zamani yenye mhuri wa baraza ilipatikana kwenye ofisi ya mipango. Kwa miezi minne kaunti ilikuwa ikimdai Madam karatasi ambayo, kama ipo mahali, ipo kwenye kabati lao wenyewe.

Karatasi tuliyoandika siku hiyo ilikuwa ukurasa mmoja. Shule inaruhusu kaunti kujenga kwenye kona fulani, hatua kadhaa kutoka ukutani. Kaunti inajenga na kukarabati. Funguo zinakaa kwa mwalimu wa nasari. Haikuwa mkataba wa kifungu cha 187, ule wa kuhamisha kazi kutoka serikali moja hadi nyingine, maana hakuna kazi iliyohama. Kifungu cha 189 kinatosha, kinaziambia ngazi zote mbili zishirikiane na zinaruhusiwa hata kuunda kamati za pamoja. Hatukujipa jina kamati, tulijua tukijiita kamati kuna mtu atauliza posho.

Matokeo

MCA aliingiza choo kwenye miradi ya wodi kupitia bajeti ya ziada. Kontrakta alifika Februari 2025, akamaliza Mei. Milango sita, matundu madogo, sinki mbili za chini ambazo mtoto wa miaka 4 anafika bila kupanda juu ya kitu. Nimekwenda kuzipima, zinanifika juu kidogo ya goti. Kutoka choo kuzama hadi choo kufunguliwa ni mwaka mzima na siku kadhaa, na mtoto aliyekuwa PP2 wakati wa mvua alishahamia gredi ya kwanza bila kukikanyaga.

Halafu kikafungwa. Wiki ya tatu tu. Bili ya maji ilikuja imepanda, na maji yanalipwa na shule kutoka ile pesa ya serikali kuu, shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa praimari. Mtoto wa nasari hamo kwenye hesabu hiyo. Kwa hivyo kila mara mtoto wa PP1 akinawa mikono, kwenye vitabu ni mtoto wa praimari amenawa. Mwenyekiti wa BOM akaweka kufuli kwenye koki, na ule ubao ukatoka tena kabatini kwa siku 11.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni wodi. Ukisoma watu wanaoandika juu ya ugatuzi utadhani suala lote ni Nairobi ile ya wizara dhidi ya kaunti, nani achukue nini, na kwa jiji letu mjadala huo tumeula hadi ukatutoka puani. Februari 2020 kazi nne kubwa za kaunti, afya, usafiri, ujenzi na huduma zake, na mipango, zilipandishwa juu kwa hati moja zikapewa NMS, ofisi ya serikali kuu ya kuendesha jiji, chini ya jenerali, na zikarudi Septemba 2022. Kuna waliosema mambo yalinyooka na kuna waliosema jiji limeporwa. Lakini kwa mtoto anayejizuia, wizara na makao makuu ya kaunti ziko umbali uleule, zote ni mjini na zote unapanda matatu. Tofauti ilitokea tu pale mtu wa kontena, aliye umbali wa kutembea kwa miguu, alipoitisha viti. Subsidiariti haiishii kwa gavana. Nigeria wameona hili kwa njia ngumu zaidi: shirikisho lenye majimbo 36, serikali za mitaa 774, na pesa za mitaa zilikuwa zinapita kwa magavana, hadi Julai 2024 Mahakama ya Juu ya huko ikaamuru zilipwe moja kwa moja. Jimbo likipewa nguvu dhidi ya juu linaweza kuwa juu jipya kwa wa chini yake.

Na hapa nitoe hofu yangu upande wa pili, kwa sababu msimamizi wa wodi alifaulu bila senti moja. Alifaulu kwa sababu ni mtu wa aina yake. Angekuwa mwingine, yale maneno ya mzee wa geti yangebaki getini.

Kilichokwama: tuliandika nani atajenga, tukasahau nani ataendesha. Hili ndilo ninalojilaumu maana kalamu ilikuwa yangu. Ujenzi una picha, una utepe wa kukata, una MCA. Maji, sabuni, na mtu wa kusafisha havina picha. Ujerumani, ambako ni shirikisho kweli, shule nyingi za umma zina serikali mbili ndani ya geti moja kama sisi: mwalimu analipwa na jimbo, lakini jengo, joto na mtunza jengo ni vya manispaa, na hilo limeandikwa kwenye sheria za kila jimbo hadi kwenye viti. Hawapatani siku zote. Serikali kuu ya huko ilipotaka kutoa euro bilioni 5 za kompyuta mashuleni ilibidi 2019 wabadilishe kwanza katiba, kwa kuwa shule si kazi yake. Lakini hakuna anayefunga koki. Tanzania wao wamekwepa kisa chote kwa njia nyingine, darasa la awali na shule ya msingi vyote viko chini ya halmashauri, geti moja bwana mmoja, ingawa ukiwauliza walimu wa huko pesa inatoka wapi watakuonyesha Dodoma.

Jambo lingine, ile miezi minne ya karatasi. Sidhani ilikuwa hila. Afisa alikuwa anajikinga, kama meneja wa CDF alivyojikinga, na kwa miaka hii wana sababu. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti aliandikia kaunti akisema hazitalipia kazi za serikali kuu, zikiwemo basari za sekondari, bila makubaliano rasmi kati ya serikali hizo mbili, na magavana wakakimbilia mahakamani. Afisa mdogo akisoma hayo kwenye simu yake jioni, kesho hataweka sahihi kitu. Ila kujikinga kwa meneja kulitupa jibu siku hiyohiyo, hapana, na sababu yake. Kujikinga kwa huyu mwingine kulikuwa "lete karatasi", ambayo si hapana wala ndiyo, na watoto ndio walioingoja.

Mita

Kufuli ilitoka baada ya msimamizi wa wodi kuleta mita ndogo, ile ya kufunga katikati ya paipu, fundi akaifunga asubuhi moja. Sasa mwalimu wa nasari anasoma namba kila Ijumaa, anaiandika kwenye daftari la mraba lenye jalada la plastiki, na mwisho wa mwezi kaunti inarudishia shule pesa ya hizo yuniti. Imelipwa miezi miwili, wa tatu imechelewa. Mtu wa kusafisha bado hayupo, kwa hiyo anasafisha mwenyewe saa saba watoto wakiondoka. Nilipopita juzi nilimkuta anasugua sakafu, funguo ziko shingoni na uzi wa bluu, na ule ubao wa matundu mawili ameugeuza, ameweka juu yake sabuni na mswaki wa kusugulia. Nikamuuliza mbona hautupi. Akaniambia, "Katibu, ngoja kwanza tuone bili ya mwezi huu."